Ukisema "sorry" ukaulizwa umekosa nini: utatuzi wa matatizo ya kuomba radhi na kukatiza kwa Kiingereza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha Kiingereza cha mazungumzo nyakati za jioni, katika chumba kilicho juu ya maduka huko Sinza, Dar es Salaam, na wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wanaotoka makazini: wahudumu wa mapokezi, madereva wa watalii, wauguzi, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wanaoagiza mizigo kutoka nje. Sarufi wengi wao wanaijua, kwa kuwa sekondari walisoma kwa Kiingereza, na wapo wanaoandika ripoti ambazo mimi mwenyewe sina cha kusahihisha. Malalamiko wanayokuja nayo ni ya aina nyingine. Mmoja anasema mgeni alimshangaa wakati yeye alikuwa akimpa pole. Mwingine anasema katika vikao vya mtandaoni hapati upenyo wa kuzungumza. Wa tatu ameambiwa na meneja wake kwamba anawaamrisha wageni, ilhali mtaani kwao anasifiwa kwa upole wake.

Fundi wa pikipiki hamwanzishii mteja somo la injini, bali humwuliza chombo kinagoma wapi. Nami nitafuata njia hiyo, nikianza na dalili kama wanafunzi wanavyozieleza, kisha chanzo, kisha la kufanya. Hata hivyo lipo swali moja ambalo ni vizuri kulishika tangu mwanzo, kwa sababu litatusaidia karibu kila mahali: je, usumbufu umekwisha kutokea, au ndio kwanza unataka kutokea?

Kiswahili hakituulizi swali hilo. Neno "samahani" tunalitumia tunapoomba njia kabla hatujamkanyaga mtu, na tunalitumia tena baada ya kumkanyaga. Limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya "nisamehe", na mzizi wake ndio huohuo tulio nao katika kitenzi "kusamehe". Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mawili: "excuse me" huja kabla ya usumbufu, na "sorry" huja baada yake. Mgawanyo huo hauna ukuta wa zege. Waingereza huitumia "sorry" hata kabla, hasa wanapomsumbua mtu asiyewajua, na Wamarekani husema "excuse me" hata baada ya kumgusa mtu bega dukani. Lakini anayejifunza akiushika mgawanyo huo kama ulivyo hatakosea na kumuudhi mtu, na mengine atayazoea kwa kusikia.

Dalili: unasema "sorry", mwenzako anakuuliza umefanya nini

Hii ndiyo dalili ninayoisikia kuliko zote, na ilinipata mimi kwanza. Ilikuwa masika, nikiwa karani katika ofisi moja ya mjini, na mgeni wetu kutoka Uingereza aliingia akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, akikikung'uta maji pale kwenye ngazi, baada ya kukanyaga dimbwi ambalo kwa juu lilionekana kama lami tu. Nikamwambia kwa huruma yote, "Sorry, sorry." Akanitazama, akatazama kiatu, akacheka, kisha akaniuliza kama dimbwi lile nililichimba mimi. Nilicheka naye, ila moyoni niliona amenidharau, kwa maana niliyempa pole hakuipokea.

Chanzo ni neno "pole". Sisi pole tunamgawia kila mtu na kwa kila jambo: pole na kazi, pole na safari, pole kwa foleni, pole umejikwaa, pole unaumwa, pole kwa msiba. Anayetoa pole hakiri kosa lolote. Anasema tu kwamba ameiona shida yako na yuko nawe. Neno "sorry" lilianza karibu na hapo, kwa sababu katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mtu mwenye maumivu, na ni ndugu wa neno "sore", yaani kidonda au panapouma. Lakini kwa karne nyingi limeelemea upande wa kukiri kosa, na leo mtu akilisikia kwa ghafla, bila maelezo yoyote nyuma yake, hutafuta kwanza kosa liko wapi.

Maana ya pole hata hivyo haijafutika. Imebaki kwenye habari mbaya, hasa msiba, maradhi na mambo yaliyoharibika, na hapo huhitaji maneno mengine yanayoonyesha unasikitikia nini. Kwa msiba sema "I'm so sorry for your loss", au "I'm very sorry to hear about your father". Kwa mtu aliyekosa kazi au aliyefeli mtihani sema "I'm sorry to hear that". Ukiongeza hayo "to hear", hakuna atakayekuuliza kosa lako, kwa sababu umeshamwonyesha kwamba unachokisikitikia ni habari uliyoipata.

Kwa mambo madogo acha "sorry" kabisa, ukatafute Kiingereza kinasema nini mahali hapo. Mtu akijikwaa mwulize "Are you all right?" Akidondosha vitu, inama umsaidie huku ukisema "Here, let me help." Aliyetoka safari mwulize "How was your journey?" na ukitaka kuonyesha huruma zaidi sema "You must be tired." Aliyekaa foleni saa mbili kutoka Mbezi hadi mjini mwambie "That sounds awful", naye ataelewa kwamba umempa pole. "Pole na kazi" ndiyo haina mwenzake hata kidogo. Nimewaona watu wakihangaika kuitafsiri kuwa "sorry for work", na anayeambiwa hivyo hudhani kwamba ameachishwa kazi na yeye bado hajaarifiwa. Ukimkuta mtu kazini msalimie tu, "Hello, busy day?" yatosha.

Naongeza jambo moja hapa, maana wapo walimu wanaolisahihisha kosa hili kwa ukali usiostahili. "Sorry" ya kutoa pole ni ya kawaida katika Kiingereza cha Waafrika wengi. Mkenya ataielewa, Mganda ataielewa, na Mnaijeria atakuambia hivyohivyo ukijikwaa mbele yake. Mkiwa mezani ninyi kwa ninyi hakuna tatizo la kutatua. Tatizo linaanza pale msikilizaji anapokuwa hana pole katika lugha yake.

Dalili: unaomba njia, watu wanageuka kukuangalia badala ya kusogea

Kwenye basi la mwendokasi la jioni neno moja linatosha, na mara nyingi hata neno halihitajiki, kwani bega linasema. Katika mkusanyiko wa wageni, tuseme kwenye ukumbi wa hoteli, anayesema "sorry, sorry" huku akipenya hugeuziwa macho, kwa sababu kila aliyelisikia anajikagua kama amekanyagwa. Hapa usumbufu bado haujatokea, kwa hiyo neno ni "excuse me", likisemwa mara moja, kwa sauti ya chini, kisha unasubiri kidogo usogezewe. Ukimgusa mtu wakati wa kupita, sasa ndipo "sorry" inapoingia. Usishangae Mwingereza uliyemgonga akawahi yeye kusema "sorry" kabla yako. Hakubali kosa, kwake ni kama sisi tunavyoitikia salamu.

Chanzo cha pili ni sauti. "Excuse me" ikivutwa na kupandishwa mwishoni, huku neno la pili likikazwa, hugeuka kuwa karipio, lenye maana ya "Hivi unajua unachokifanya?" Wanafunzi waliolijifunza neno hili kutoka kwenye filamu ndio hasa huingia mtego huo, kwa sababu kwenye filamu watu hulitumia kugombana zaidi kuliko kuomba njia. Jirekodi kwa simu ukilisema, kisha jisikilize. Sauti ishuke mwishoni, na "me" isiwe na uzito.

Dalili: unamsimamisha mgeni umwulize jambo, anakukwepa

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mpole anayefanya kazi duka la vinyago Mwenge, alilalamika kwamba wageni humpita kana kwamba hawamsikii, ingawa yeye huwasalimia vizuri. Nilimwomba aniigizie. Akaanza: "Hello my friend, how are you? How is your day? Where are you from?" Nikamwambia kwamba hata mimi ningeongeza mwendo.

Kwetu salamu ndiyo heshima yenyewe. Huwezi kumwendea mtu mzima ukamrushia swali la njia kabla ya shikamoo au habari, na mgeni anayeuliza "Posta wapi?" bila salamu tunamwona hana malezi. Kiingereza cha mtaani kimeiweka heshima hiyo mahali pengine. Anayemsimamisha asiyemjua husema "excuse me", kisha huenda moja kwa moja kwenye shida yake, kwa sababu adabu inayotarajiwa ni kutomchukulia mwenzako muda wake. Salamu ndefu kutoka kwa asiyemjua humfanya mgeni ahisi kuna kitu atauziwa, na aliyewahi kuzungukwa Zanzibar na papasi, wale vijana wanaowaandama watalii, ana sababu ya kuhisi hivyo.

Basi kwa mtu usiyemjua sema "Excuse me, could you tell me the time?" au "Excuse me, is this your bag?" Salamu fupi, "Good morning", yaweza kutangulia. Habari za nyumbani na za safari zisubiri mpaka yeye mwenyewe asimame na kuonyesha yuko tayari kuzungumza.

Na majina ya undugu je? "Samahani dada", "samahani mzee", "samahani mama yangu" ndiyo yanayolainisha Kiswahili chetu, na ni vigumu kuyaacha. Kiingereza cha Uingereza na Marekani hakiyapokei kwa watu wasiojuana. "Sister" huko Uingereza ni muuguzi msimamizi wa wodi au mtawa, na mwanamke akiitwa "mother" na asiyemjua atageuka kuangalia anayeitwa ni nani. Kazini tumia "sir" na "madam". Barabarani "excuse me" inatosha bila jina lolote, ingawa kwa masikio yetu inasikika kavu kama mkate usio na chai.

Dalili: unaomba kwa upole, unaambiwa unaamrisha

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo mtu mstaarabu anapoweza kuonekana jeuri bila kujua.

Tuchukue sentensi ya kila siku: "Naomba unisaidie kalamu." Heshima yake iko kwenye "naomba" na kwenye ile "-e" ya "unisaidie". Nyingi kati ya amri zetu tunazivisha umbo hilo zikawa maombi: nisaidie, unipe, asubiri, tuondoke. Kiingereza hakina "-e" hiyo, kwa hiyo mtu akitafsiri anabaki na mifupa: "Help me with a pen." Msikilizaji anasikia amri. Anayejaribu kuitafsiri "naomba" nayo anaangukia "I beg you", ambayo ni ya mtu aliyepiga magoti, au "I am requesting for", ambayo ni ya barua ya ofisini. "Nataka" ikawa "I want", na hapo meneja anaitwa.

Kiingereza huweka adabu kwenye kitenzi kinachotangulia, nacho hukiweka katika umbo la wakati uliopita: "could" badala ya "can", "would" badala ya "will". Wanafunzi huuliza kwa nini wakati uliopita utumike kwa jambo la sasa hivi. Mimi huwajibu kwa Kiswahili cha hapahapa mjini. Ukienda kwa bosi kuomba ruhusa husemi "nataka ruhusa". Unasema "nilikuwa naomba ruhusa kidogo". Ile "nilikuwa" haisimulii ya jana. Inaisogeza haja yako nyuma hatua moja, ili bosi akitaka kukataa apate nafasi ya kukataa. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: "I was wondering if I could leave early today" ndiyo "nilikuwa naomba niwahi kutoka leo", karibu neno kwa neno. Na "kidogo" yetu, ya "samahani kidogo" au "naomba nikusumbue kidogo", nayo ina wenzake: "just", "a quick question", "a moment". Usiitafsiri kuwa "sorry a little", kwa maana hapo umesema kwamba majuto yako ni machache.

Kwa hiyo kalamu iombwe hivi: "Sorry, could I borrow your pen for a second?" Sahihi ya mteja iombwe hivi: "Could you sign here, please?" Mgeni aliyekaa kiti cha mwingine aambiwe hivi: "Excuse me, I think this seat may be taken." Maneno "I think" na "may" yamekaa pale kwa makusudi. Mhudumu anajua kabisa kwamba kiti kina mwenyewe, lakini anampa mgeni njia ya kuondoka bila aibu.

Wengi hudhani kwamba "please" inatibu yote. Haitoshi. "Give me your passport, please" bado ni amri. Ni amri iliyopigwa pasi.

Dalili: umekubali, lakini mwenzako amefanya kana kwamba umekataa

Mwanafunzi mmoja alisafiri kwa boti kwenda Zanzibar, na mgeni akamwuliza kuhusu kiti kilichokuwa wazi pembeni yake, "Do you mind if I sit here?" Akajibu kwa tabasamu pana, "Yes, yes!" Mgeni akaomba radhi akaondoka, na safari nzima alisimama nje kwenye upepo, huku mwenyeji wake akijiuliza amemkosea nini.

Chanzo ni kwamba "do you mind" haiulizi kama unakubali. Inauliza kama utakerwa. Anayekubali hujibu "No, not at all" au "No, go ahead", na anayesema "yes" amesema kwamba, ndiyo, atakerwa. Hali ni hiyohiyo kwa "Would you mind opening the window?" Wazungumzaji wazawa wenyewe hujichanganya hapa, na baadhi yao husema "sure" wakimaanisha wamekubali. Usitegemee mchanganyiko huo. Ukiona ulimi unakusaliti, ruka hiyo "yes" na "no" ukaseme "Please, have a seat", huku mkono ukionyesha kiti.

Dalili: katika kikao hupati pa kuingilia, au ukiingilia wote wananyamaza

Vikao vyetu vina utaratibu unaosikika. Mtu hunyoosha mkono akasema "Mwenyekiti, naomba nafasi", na hata bungeni, palipo na kelele zote, anayetaka kumkatiza mwenzake husimama akaita "Taarifa!" au akaomba mwongozo wa Spika, kisha husubiri aruhusiwe. Aliyekulia katika utaratibu huo, akiingia kikao cha Kiingereza kwenye kompyuta, husubiri mwenyekiti amwone. Mwenyekiti hamwoni. Dakika 40 zinakwisha, na kwenye muhtasari inaandikwa kwamba ofisi ya Dar es Salaam haikuwa na maoni.

Wapo wanaopita kwa mlango mwingine na kusema "Let me talk" au "I want to interrupt", na ghafla kila mtu ananyamaza kana kwamba kuna dharura.

Kukatiza kwa adabu katika Kiingereza kuna vipande viwili vinavyokwenda pamoja, radhi fupi na haja fupi, na unaanza kusema mwenzako anapovuta pumzi, si baada ya kimya, kwa kuwa kimya hicho hakitakuja. "Sorry, can I just come in here?" au "Sorry to interrupt, but I have a question about the date." Ukiwa unakatiza ili kusahihisha, lainisha: "Sorry, I think the shipment is actually on Tuesday." Mkianza kuzungumza watu wawili kwa pamoja, jambo ambalo mtandao wetu huzidisha kwa kuchelewesha sauti, wa kwanza kusema "Sorry, go ahead" ndiye muungwana. Ukiambiwa hivyo, chukua nafasi. Nimewahi kusikia watu wanne wakirudishiana "no, you go" mpaka mmoja akakatikiwa na umeme.

Ukikatizwa wewe, huna haja ya kufa kiungwana. "Sorry, could I just finish?" inakubalika kabisa, na ikisemwa kwa utulivu hakuna anayekasirika.

Dalili: hukusikia vizuri, ukaomba kurudiwa, mwenzako akanuna

"What?" ni "nini?" kavu, na "Repeat!" ni ya mwalimu kwa mwanafunzi. Kiingereza cha kawaida hapa hutumia "Sorry?" kwa sauti inayopanda, au "Pardon?" ambayo ni ya watu wa makamo zaidi. "Come again?" tunayoipenda hapa Afrika Mashariki inaeleweka, ila kwa mgeni mheshimiwa inasikika kama ya kijiweni. Salama zaidi ni sentensi nzima: "Sorry, I didn't catch that. Could you say it again?" Nayo "I beg your pardon" iepuke mpaka masikio yako yazoee, kwa sababu ikipandishwa inaomba kurudiwa, na ikikazwa inamaanisha umetukanwa.

Dalili: unabisha hodi na haieleweki

Hodi haina tafsiri, na sioni haja ya kuitafuta. Gonga mlango, ufungue kidogo, kisha sema "Sorry to bother you, have you got a minute?" Ile "May I come in?" tuliyoimbishwa darasani ni sahihi, ila ni ya mlango uliofungwa wa mkubwa wako kazini; mwenzako wa meza ya pili itamchekesha. Ukiwa ndani wewe na mlango ukagongwa, jibu ni "Come in." "Karibu" ya mlangoni si "welcome", hiyo humpokea mgeni aliyekwisha kuingia, au aliyetoka mbali.

Dalili: barua pepe yako ya kuomba radhi haimridhishi mteja

Mara nyingine kasoro ni ya sarufi tu, nayo ni rahisi kuitengeneza. "Apology" ni nomino na "apologise" ni kitenzi, kwa hiyo "I apology" haisimami. Unaomba radhi kwa mtu kwa kutumia "to", na kwa ajili ya jambo kwa kutumia "for": "I apologise to you for the delay". Baada ya "sorry" panakaa vitu vinne tofauti: "sorry to disturb you" kwa usumbufu unaoanza sasa, "sorry for being late" kwa kosa lililokwisha, "sorry about the noise" kwa kitu, na "sorry I'm late", sentensi nzima bila kiungo, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote mtu anapoingia amechelewa. "Sorry for late" na "sorry for disturb" hazimo.

Kasoro ya pili ni uzito. "Please forgive me" ni ya dhambi, ya ndoa au ya kanisani; ukimwandikia mteja aliyecheleweshewa ankara atadhani fedha zake zimeliwa. "I am very very sorry" nayo haiongezi kitu. Kwa kuchelewa kujibu andika "Sorry for the late reply." Kwa kosa la kikazi andika "I apologise for the error in the invoice", kisha sentensi inayofuata ieleze umefanya nini: "A corrected copy is attached." Mteja hupoa kwenye sentensi hiyo ya pili.

Kuna usemi mmoja ubandikwao kwenye lifti zilizoharibika na kwenye milango ya ofisi hapa mjini: "Any inconvenience caused is highly regretted." Sarufi yake haina dosari, lakini ndani yake hayumo mtu. Haijulikani nani anajuta wala nani amesumbuka, na lile "any" linatia shaka kama usumbufu upo. Kwa maoni yangu ni heri kuandika "We are sorry that the lift is not working. It will be repaired on Friday." Na kama Ijumaa haina uhakika, isiandikwe.

Wanaoandika barua pepe hukutana pia na "I'm afraid", wakaitafsiri kuwa mtu anaogopa. "I'm afraid Mr. Smith is not in today" haina woga wowote, ni "samahani, hayupo", namna ya kutanguliza habari mbaya kwa upole. Itumie kwenye simu badala ya "He is not there", ambayo inafunga mlango usoni mwa aliyepiga.

Dalili: wewe ndiye uliyeombwa radhi, na jibu lako limemaliza mazungumzo

Sisi akitokea mtu akasema "samahani", jibu liko mdomoni tayari: "bila samahani". Ikitafsiriwa kuwa "without sorry" haimaanishi chochote, na "you are forgiven" humfanya aliyekugusa kiwiko ajione amehukumiwa kisha akasamehewa na mahakama. "Welcome" nayo ni jibu la asante tu. "Usijali" imewaponza wengi wakasema "don't mind". Kiingereza husema "don't worry about it" au "never mind".

Tena hapa liulize lile swali la mwanzo. Kama mtu amesema "excuse me" kabla ya jambo, hakuna cha kusamehe bado, anataka umsikilize, kwa hiyo jibu ni "Yes?" kwa sauti inayopanda, au "Yes, how can I help?" ukiwa kazini. Ndiyo "abee" na "naam" zetu. Kama amesema "sorry" baada ya jambo, jibu ni "That's all right" au "No problem". Yule niliyemtaja mwanzoni, aliyeambiwa na meneja wake kwamba anawaamrisha wageni, ni mhudumu wa mapokezi, naye alikuwa akijibu "No problem" kwa kila "excuse me" aliyoitiwa, kisha anarudi kwenye kompyuta yake, na wageni wanabaki wamesimama pale kaunta, midomo wazi, wakisubiri kuulizwa shida yao.